Kuhusu Gari Utakalotuletea

S.L.P. 63,
Mampong, Ashanti,
Ghana.

21 Oktoba 2018

Mpendwa mdogo wangu Agyenim,

Pokea salamu zangu huko Bremen, wewe na shemeji Konadu na wale mapacha ambao kwenye picha ya mwisho walikuwa wamenipita urefu, jambo ambalo si gumu. Hali yenu vipi? Ile homa ya kifua imekuachia? Na kazi ya pale ghalani bado ni ya zamu za alfajiri? Natumaini baridi haijaanza kuwang'ata, ingawa najua kwa Oktoba hii natumaini bure.

Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Goti langu la kushoto linanisumbua kila nikipanda ngazi za shule. Shemeji yako Sarpomaa anasema goti halina kosa lolote, kosa ni la tumbo linalobebwa na hilo goti. Mvua za mwisho zinatumalizia viazi vikuu shambani, na paa la jikoni linavuja palepale lilipovuja ulipokuja mara ya mwisho. Sijaliziba. Nilitaka ukirudi ukute kitu unachokijua.

Najua utashangaa kupokea bahasha badala ya sauti yangu kwenye simu. Simu ina tabia ya kukatika, mdogo wangu, na haya ninayotaka kukuambia yana mahali pagumu ambapo ningefurahi sana ikikatika. Karatasi haikatiki. Kwa hiyo nimeazima kalamu ya mwanafunzi na kukaa mezani kama mtu anayefanya mtihani.

Mazishi ya Mama Akyaa, aliyekuzaa wewe na kunilea mimi mtoto wa dada yake, yamepangwa Jumamosi ya tarehe kumi na tano Desemba. Mama bado amelala kule mochwari kwenye baridi, na nguo yake ya mwisho imeshashonwa. Ukoo umechagua kitambaa chekundu chenye michirizi myeusi. Mzee Amoateng, kiongozi wetu wa ukoo, alihesabu majina mwenyewe, vipande vikakatwa, kila mwanaukoo akapata chake. Kila mmoja isipokuwa mpwa wetu Barima. Nitalirudia jambo la Barima.

Barua yako ya Septemba ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, umeniuliza utuletee gari la aina gani, kwa kuwa hutaki tena kuliona lile la Mjerumani ulilotutumia, na la pili ni hilo la mpwa wetu. Naanza na la gari. Ni jepesi zaidi, na mimi, kama unavyojua tangu utoto wetu, siku zote nilianza kula mboga nikaacha mfupa mwishoni.

Kwanza ujue unamuuliza nani. Unamuuliza mwalimu wa jiografia ambaye gari la kwanza na la mwisho alilonunua kwa fedha zake alilichagua kwa sababu viti vyake vilikuwa na rangi ya kahawia iliyofanana na viatu vyake. Bodi yake ipo nyuma ya nyumba mpaka leo, na kuku wanasema viti ni vizuri kweli. Sarpomaa aliponiona nikisoma barua yako alicheka mpaka akakaa chini. "Agyenim amekosa watu wa kumuuliza?" alisema. "Wewe gari unalijua kwa kukalia tu!" Hata hivyo nimefanya kazi niliyopewa. Jumamosi mbili nzima nimezunguka Suame, gereji kwa gereji, nikiuliza kama polisi wa upelelezi mwenye goti bovu.

Suame unaikumbuka. Kila fundi ameoa gari la aina moja, na ukimuuliza gari gani zuri, atakutajia mkewe. Kwa hiyo niliwauliza kila mmoja kuhusu wake za wenzake. Hapo ndipo nilipata ukweli.

Toyota hakuna anayeisema vibaya, hata wale wasioitengeneza. Spea zake zipo Kumasi, zipo Mampong, na nadhani hata yule mama anayeuza kenke za unga wa mahindi pale stendi anayo pampu ya mafuta chini ya meza. Ukitaka kuiuza, hukai nayo wiki. Fundi mmoja wa Kikorea, yaani wa magari ya Kikorea, yeye mwenyewe mtu wa Tafo, alikiri kwangu, "Mwalimu, mimi ninakula kwa Mkorea, lakini baba yangu nimemnunulia Toyota." Ubaya wake ni bei. Kwa fedha ya Toyota ya miaka kumi na tano utapata gari la wengine la miaka minane, na wezi nao wanazijua sifa zake.

Wakorea wamechukua teksi zote mjini. Wanakunywa mafuta kidogo, na spea zao siku hizi ni rahisi. Breki za mbele zote mbili, pamoja na mkono wa fundi, hazifiki cedi mia mbili na hamsini. Ila thamani yao inashuka haraka. Ukinunua gari lao Januari, mwakani mnunuzi anakuangalia kwa huruma.

Mfaransa ni habari ya huzuni. Unakumbuka Peugeot 504 ya marehemu baba, ilivyokuwa ikitoka Ejura na viazi vikuu mpaka kwenye paa, sisi wawili tumekalia magunia, na haikulalamika hata siku moja? Mafundi waliolijua gari lile Suame nzima walikuwa wengi kama mchwa. Sasa nimewapata wawili. Mmoja haoni vizuri, anashika injini kwa vidole kama anayesalimia mtoto. Wa pili ameacha spana, sasa anahubiri, na aliponiona tu alianza na dhambi zangu kabla sijataja gari. Sikumbishia.

Tunabaki na Mjerumani. Mafundi wa makabila mengine ya magari wote wanasema jambo moja kumhusu, kwamba ni imara, anashika barabara kwenye kona za mteremko wetu kama aliyezaliwa hapa, lakini ni mwenye maringo. Anataka oili yake, hataki ya jirani. Akiumwa, lazima apimwe na kompyuta, na kupimwa tu ni cedi themanini kabla hujagusa boneti. Spea yake moja ni spea tatu za Toyota. Ila akitunzwa anavyotaka, nilielezwa, anakuzika.

Neno hilo la mwisho halikunifurahisha, na fundi aliyelisema hakujua kwa nini niliondoka bila kuaga.

Sasa nimemaliza mboga, mdogo wangu. Imebaki mifupa.

Umeandika kwamba gari la Mjerumani limemuua mama yako. Umeandika kwamba kwenye kikao cha Waashanti wa Bremen ulisimama ukawaonya watu kumi na saba wasilete nyumbani gari la aina ile. Na umeandika kwamba Barima, aliyekabidhiwa usukani, hakulitunza, kwa hiyo anyang'anywe funguo na asipewe kitambaa cha ukoo, wala asisimame na familia siku ya mazishi. Ukoo umekutii, kwa kuwa wewe ndiye mtoto wa marehemu na gari lilikuwa lako. Kwenye kikao hicho cha ukoo nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko wangu huu unaouona.

Nitakueleza ilivyokuwa.

Mwezi wa sita gari lilianza kuvujisha maji. Barima ndiye aliyeligundua, si mimi. Aliona tone chini ya injini asubuhi, akaenda kwa fundi Fosuhene, wakafungua, wakakuta pampu ya maji imechoka. Barima akakupigia simu, nawe ukafanya kama unavyofanya siku zote, hukusema subiri. Wiki ya tatu pampu ikafika, mpya, kwenye boksi lake, na juu ya boksi ulikuwa umeandika kwa kalamu nene: "Kwa Mama."

Mama yako alilipeleka lile boksi kwa majirani kabla halijafika gereji. Sikutanii. Alilishika mapajani pale kwa Bi Foriwaa kama mtoto aliyetoka kubatizwa. "Mwanangu kaniletea moyo wa gari," alisema. "Wenzangu watoto wao wanawaletea kofia." Bi Foriwaa, ambaye kweli alikuwa ameletewa kofia, aliivua.

Nikapanda gari na Barima mpaka Suame, boksi mkononi. Fosuhene alilifungua, akaitoa pampu, akaigeuza kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akairudisha taratibu.

"Mwalimu," aliniambia, "hii ni mpya."

"Ndiyo. Imetoka Ujerumani."

"Zinazodaiwa kutoka Ujerumani nimeziona. Na hii inang'aa. Zinazong'aa zote nimezifunga, na wiki ya pili wenyewe wanarudi kunitukania mama yangu."

"Lakini ndugu yangu kainunua kwa wenyewe."

"Boksi hata mimi naweza kukuchapishia hapo nyuma, la kampuni unayotaka." Akapiga ukucha kwenye kile chuma. "Kitu kipya hakijawahi kufanya kazi, Mwalimu. Nani kakishuhudia? Nikupe ya mtumba, iliyofunguliwa kwenye gari la kule kule, ina oili ya kule kule bado. Hiyo imeshatembea. Hiyo ni mtu mzima."

Usimcheke, Agyenim. Umekaa kule miaka kumi na tisa, umesahau. Huku hata mchungaji, akinunua spea, anaiangalia kwanza kama ina uchafu wa kizungu. Isiyo na uchafu haaminiwi. Sote tumeshaungua na feki za kwenye maboksi mazuri.

Barima alisema. Hili ndilo nataka ulisome mara mbili. Alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema kwa heshima yake ile, "Mjomba, tufunge tu hii aliyotuma Mjomba Agyenim. Yeye kaitoa dukani, anajua alikoitoa."

Nami nikamgeukia. Nikamjibu mbele ya mafundi wote, kwa sauti yangu ya darasani, "Wewe shika usukani. Mambo ya spea tuachie sisi wakubwa."

Mafundi wakacheka. Barima naye akacheka kidogo, kwa adabu, akainamisha kichwa.

Tukaenda kwa muuza spea wa mtaa wa pili. Pampu yako tukampa, akatupa ya mtumba. Na kwa kuwa ya mtumba ilikuwa ghali kuliko mpya, nikaongeza cedi arobaini juu. Ndiyo, mdogo wangu. Nililipa nyongeza ili niondokane na kitu kizuri. Nikarudi nyumbani najiona mjanja kama soko zima.

Gari likatembea wiki saba bila neno. Kila Jumanne na kila Ijumaa, Mampong mpaka Kumasi, Mama kwenye kiti cha nyuma na mto wake, kwenda kusafishwa damu. Mimi nilikuwa nafuata Jumanne, kwa kuwa sina vipindi. Kila akiingia alipiga dashibodi kidogo kwa kiganja, kule mbele, kupitia katikati ya viti. Jumanne ile ya mwezi wa nane, asubuhi, aliniuliza, "Nsiah, kile kitu cha Agyenim mlikifunga?"

Nikamjibu, "Tulikifunga, Mama."

Ni neno moja tu. Nililisema huku nafunga mkanda.

Tulipoteremka mteremko, tukapita kona zote, tukakaribia Jamasi, Barima akasema mshale wa joto unapanda. Akazima kipooza hewa, akafungua madirisha, akaenda polepole. Kabla hatujaufikia mji, moshi ukatoka kwenye boneti. Barima alizima injini papo hapo, akaliachia gari lijivute lenyewe mpaka pembeni. Fundi yeyote atakuambia kwamba angekanyaga mafuta hata kilomita moja zaidi injini ingekufa kabisa. Mpwa wako aliiokoa.

Pampu ilikuwa imepasuka. Maji yote yalikuwa barabarani.

Mwanamke mmoja anayechoma ndizi pale alimpa Mama kiti chake cha plastiki na kumwekea kivuli kwa mwavuli wa biashara yake. Barima alisimama katikati ya barabara akinyoosha mikono yote miwili, si mmoja. Yalipita magari mawili ya maiti, ilikuwa msimu wa mazishi, na magari ya abiria yaliyojaa. Lori moja lilisimama, lakini Mama asingeweza kupanda. Yeye alikuwa akimtania Barima, "Nenda taratibu, baba. Mguu ukikuvunjika, nani atanibeba? Huyu mwalimu wako?" Na kwa yule muuza ndizi alisema, "Gari hili siyo bovu, usidhani. Lina moyo mpya. Mwanangu kautuma."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, Agyenim. Nililisikia.

Tulipata gari baada ya saa mbili na nusu. Hospitalini zamu yake ilikuwa imepita, mashine zote zina watu. Walitufanyia wema, wakatupa nafasi ya kesho yake asubuhi. Usiku alianza kukosa pumzi. Kesho yake wakamsafisha, lakini mwili haukupokea. Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, akatutoka. Daktari aliniambia moyo wake ulikuwa umechoka, kwamba labda ingekuwa hivyo hata angefika mapema. Nakuandikia maneno yake kwa kuwa ni haki yako kuyajua. Mimi sijiegemezi kwayo. Nimejaribu, hayanibebi.

Ulipopiga simu siku ile ukilia, ukaniuliza, "Gari lilifanyaje?" mimi nikajibu, "Lilichemsha." Ni kweli. Ulipouliza, "Si nilituma pampu?" nikasema, "Ulituma." Nayo ni kweli. Nimefundisha watoto miaka ishirini na minane, nimewachapa wengi kwa kusema kweli za namna hiyo.

Kwenye kikao cha ukoo Mzee Amoateng alimsimamisha Barima na kumuuliza, "Gari lilikuwa mikononi mwa nani?" Barima akasema, "Mikononi mwangu, Mzee." Akaulizwa, "Una la kujitetea?" Barima akanitazama. Mara moja tu. Kisha akasema, "Sina." Unajua kwa nini. Mpwa hamvui nguo mjomba wake mbele ya watu. Alinisubiri nivae mwenyewe, nami nikainama nikaandika: "Hana la kujitetea." Mke wake alikuwa nje na wale wasichana wawili, wakisubiri kipande cha kitambaa.

Tangu siku hiyo Barima anabeba mbao sokoni kwa kibarua cha siku. Akinikuta njiani ananisalimia kwa mikono miwili, "Mjomba, goti linaendeleaje?" Ingekuwa nafuu kwangu kama angenitukana.

Nilipokuwa Suame kwenye ule upelelezi wangu wa magari, miguu ilinipeleka kwa yule muuza spea. Nilitaka tu kuona. Boksi lilikuwepo. Rafu ya juu, kati ya taa zilizovunjika, lina vumbi, na mwandiko wako unasomeka.

"Hili bado unalo?" nikamuuliza.

"Hilo? Miezi minne linanizibia rafu," alisema. "Hakuna anayelitaka, Mwalimu. Ni jipya."

Nililinunua. Fosuhene alipoliona mikononi mwangu hakuuliza. Alishasikia habari za Jamasi, Suame hakifichiki kitu. Akafungua injini ya gari letu, lililokuwa limelala kwake tangu siku ile, akabadilisha gasketi iliyoungua, akaifunga pampu yako peke yake bila kumwachia fundi mwingine kushika, na nilipotoa pochi akasema, "Ondoa, Mwalimu. Nami nilikuwepo." Akanawa mikono kwa petroli kwa muda mrefu sana.

Gari sasa linatembea. Nimeliendesha mwenyewe Kumasi mara tano, kwa uoga wangu wote, nikipitwa na matrekta. Mshale wa joto unafika katikati na kusimama. Haupandi mlimani, haupandi juani, haupandi kwenye foleni ya Tafo. Kila mara nautazama zaidi ya barabara. Natamani upande kidogo, hata siku moja, nipate cha kusema. Haupandi.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu aina ya gari ni hili, na ni jibu la kitaalamu, limenigharimu Jumamosi mbili. Usilete lolote. Unalo gari zuri huku. Na wale Waashanti kumi na saba wa Bremen, tafadhali kawaambie kwamba lililoshindwa si gari.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwa Mzee Amoateng na kitabu cha kumbukumbu. Nilimweleza yote, toka boksi mpaka neno la asubuhi ile. Kisha akasema, "Miezi miwili, Nsiah. Na unamfundisha mjukuu wangu." Alinitaka nilifute lile neno kwenye kumbukumbu kwa mkono wangu na kuandika la kweli, na kikao kiitwe upya nilisome kwa sauti. Kikao ni Jumapili ijayo. Barua hii itakuwa bado njiani, lakini nilitaka wewe uandikiwe kabla wao hawajasomewa.

Kitambaa kilichokatwa kimekwisha, na lile duka halina tena cha aina ile. Basi changu nimempa Barima. Alikataa, nikakiacha mlangoni kwake, na jana Sarpomaa amemwona mke wake kwa fundi cherehani. Ananiambia kinamkaa vizuri Barima, ila kiunoni wamepunguza sana. Siku ya mazishi atasimama na familia. Mimi nitavaa nyeusi ya kawaida na kukaa upande wa wageni, nyuma, ambako watu wa mbali wanauliza marehemu alikuwa nani kwako. Nikiulizwa, nitajibu.

Ukikasirika, kasirika. Ukiamua nisikanyage uwanjani, niandikie, nitabaki nyumbani na kuku kwenye viti vyangu vya kahawia. Lakini funguo za gari nimemrudishia Barima leo asubuhi, na hilo sikukuomba ruhusa. Tarehe utakayotua, yeye ndiye atakayekuja kukupokea. Kaa mbele, pembeni yake. Na mkianza kupanda mteremko wa kuja nyumbani, tazama ule mshale, kisha mtazame yeye.

Nisalimie shemeji Konadu, waambie mapacha baba yao mkubwa bado anawadai mchezo wa dama. Sarpomaa anakusalimia, anasema ujiletee soksi zako, mara ya mwisho uliondoka na zangu. Bi Foriwaa anakusalimia, na kofia yake. Mzee Amoateng anakuombea safari njema. Barima hakunipa salamu maana hajui nakuandikia, lakini najua angezituma.

Mungu akulinde huko ugenini, akupunguzie uzito wa barua hii usije ukaisoma kazini. Na mama yetu alale akiamini alichokiamini kwenye kile kiti cha plastiki, kwa kuwa sasa ni kweli, ingawa imechelewa.

Ni mimi kaka yako akupendaye, hata kama utahitaji muda kabla ya kuniita hivyo tena,

Nsiah Dwomoh